Namna ya Kuendesha Mradi Binafsi wa Picha Ukiwa Mgeni Dodoma

Mtu anayehamia Dodoma akiwa na kamera, awe amekuja kwa ajira, kwa masomo au kwa kumfuata mwenza wake, hukuta jiji ambalo wakazi wake hulieleza kwa wakati ujao. Ataambiwa kwamba hapa itapita barabara, pale patakuwa soko, na kule nyuma ya kilima viwanja vimeshapimwa. Ni rahisi basi kutoka Jumamosi ya kwanza na kupiga picha za kreni, ghorofa zenye vioo na mabango ya wakandarasi, kisha kurudi nyumbani na kadi iliyojaa picha ambazo zingeweza kupigwa katika jiji lolote linalojengwa. Mwongozo huu ni kwa mpigapicha mgeni, kama nilivyo mimi niliyetoka Mombasa, anayetaka kufanya mradi wake mwenyewe, usio na mteja wala malipo, na kuufikisha mahali ambapo mkazi wa Dodoma akiutazama atasema kwamba anapafahamu pale.

Shauri langu kuu ni moja, na mengine yote yanalitumikia: chagua jambo jembamba, kisha ulirudie. Jiji zima ni kubwa mno kwa mtu mmoja mwenye siku mbili za mapumziko kwa wiki. Majengo makubwa, kwa upande wake, yanapigwa picha kila siku na watu wanaolipwa kwa kazi hiyo, kwa hiyo hayatakosa kumbukumbu. Yanayokosa ni mambo yaliyo pembeni mwa ujenzi, ambayo hakuna ofisi itakayomtuma mtu kuyapiga, na ambayo yatakuwa yameondoka kabla mtu hajakumbuka kuuliza yalikuwaje.

Jiji lenyewe kwanza

Kabla ya kuchagua jambo hilo, jipe muda wa kujua mabadiliko unayoyaona yana umri gani, kwa sababu mgeni huelekea kudhani kwamba kila kitu kilianza siku aliyowasili. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanyika mwaka 1973, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wengi bado wanaiita CDA. Mpango kabambe wa kwanza, ulioandaliwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, ulitoka mwaka 1976. Kisha ikapita miaka mingi ambayo Bunge lilikuwa Dodoma huku wizara nyingi zikibaki Dar es Salaam. Kasi ya sasa ilianza mwaka 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba Serikali inahamia Dodoma moja kwa moja. Mwaka 2017 CDA ikavunjwa na majukumu yake yakakabidhiwa halmashauri, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 410,956. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu 765,179.

Tabaka hizo zinaonekana kwa macho ukitembea kwa miguu. Karibu na stesheni ya zamani na mitaa ya Uhindini unakuta mji uliokua kando ya reli ya kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Ukienda Area C na Area D unakuta mitaa iliyochorwa kwanza kwenye karatasi. Ukifuata barabara ya Dar es Salaam kupita Ihumwa unafika Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, ambako ofisi za wizara zimesimama mahali palipokuwa pori na mashamba. Treni ya umeme ya reli ya kisasa ilianza kufika Dodoma tarehe 25 Julai 2024, na stesheni zake zimeshaanza kuvuta bodaboda, bajaji na wauza chakula kwa namna yake. Atakayeyajua haya hataandika chini ya picha yake kwamba kijiji kimegeuka jiji ghafla, sentensi ambayo kila mgeni huiandika na ambayo huwachosha wazee waliopimiwa viwanja vyao zaidi ya miaka arobaini iliyopita.

Kupata jambo la kurudia

Njia ninayoiamini ni kutafuta mahali ambapo kipya kinagusana na kinachoondoka, na kuuliza ni nani anayefanya kazi au anayeishi kwenye mpaka huo. Mfano mzuri ni mama lishe wa maeneo ya ujenzi. Nyumba inapochimbwa msingi, yeye hufika na majiko yake. Kuta zinapopanda, mafundi na saidia fundi huongezeka na benchi la pili hununuliwa. Nyumba ikishapauliwa, mafundi hupungua, naye huanza kuulizia ni wapi kwingine panachimbwa. Vitu vyake ni vichache na vinahama naye: turubai la bluu lililofungwa kwenye mti wa mwarobaini au kwenye nguzo za mirunda, mafiga matatu, ndoo ya maji yenye mfuniko, masufuria yaliyosuguliwa kwa mchanga. Saa nne huuza chai na chapati, na mchana huwa na ugali, maharage na mara nyingi mlenda. Mpigapicha atakayemfuata mama lishe mmoja, kwa ridhaa yake, kutoka jengo hadi jengo, atakuwa amepiga picha za ujenzi wa Dodoma kwa ukamilifu kuliko yule aliyepanda juu ya ghorofa kutafuta mandhari, ingawa majengo yenyewe yataonekana kwa nyuma tu.

Jambo jingine lenye utajiri ni alama nyekundu ya X kwenye nyumba zilizomo ndani ya hifadhi ya barabara. Barabara ya mzunguko wa nje, yenye urefu wa kilomita 112.3, pamoja na upanuzi wa barabara nyingine, imegusa makazi mengi, na si kila X hufuatwa mara moja na tingatinga. Kati ya rangi na kubomolewa kuna kipindi ambacho watu wanaendelea kuishi. Nimeona ukuta ambao X yake imepakwa chokaa zaidi ya mara moja na bado wekundu wake unajitokeza, na juu ya mkono mmoja wa herufi hiyo mwenye nyumba amepigilia misumari ya kutundikia ndala za kuuza. Picha ya ukuta kama huo, ikipigwa kwa karibu na kwa mwanga wa kawaida, haihitaji maelezo marefu. Hapa lakini mpigapicha awe mwangalifu, kwa kuwa nyumba hizo mara nyingi zina mashauri ya fidia, na picha inayoonyesha namba ya nyumba au sura ya mtu inaweza kumletea maswali ambayo hakuyaomba.

Nyumba za tembe, zenye kuta za miti na udongo na paa bapa la udongo, ni jambo la tatu, hasa kwa anayeweza kufika vijijini nje ya jiji. Bati linazifuata haraka, na wakati mwingine tembe na nyumba ya tofali vimo katika uwanja mmoja wa familia moja. Wapo pia wafyatua tofali na wauza zabibu wa barabarani. Mnada wa Msalato nao unavutia, ila umeshapigwa picha nyingi za moshi wa nyama choma, na anayeuendea atafute upande wake mwingine, kwa mfano wachungaji wanavyowasili alfajiri. Vikao vya Bunge la bajeti, kuanzia Aprili hadi Juni, hujaza nyumba za wageni na kubadilisha bei na mavazi ya mjini. Huo ni mradi wa kurudia kila mwaka kwa mtu mwenye mkataba mrefu.

Ukishachagua, jiwekee sharti moja au mawili na uyaandike. Kwa mfano: lenzi moja ya milimita 35, mtaa mmoja, na kila picha iwe na mtu anayefanya kazi. Sharti huokoa muda wa mtu mwenye ajira nyingine, kwa sababu anapotoka nyumbani hajiulizi tena atapiga nini. Pia humsaidia mgeni kuacha kulinganisha. Nilipofika, jicho langu lilikuwa likitafuta bahari na vichochoro vya Mji wa Kale, na picha za miezi ya mwanzo zililalamika kimyakimya kwamba Dodoma haina vitu hivyo.

Barua, salamu na fedha

Kwa mradi unaorudi mahali pamoja, anza kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Andika barua fupi kwa mwenyekiti wa mtaa au afisa mtendaji, ukieleza jina lako, unakoishi, unachotaka kupiga, kwa muda gani, na picha zitatumika wapi. Ambatisha nakala ya pasipoti na ya kibali cha ukaazi. Kibali hicho kimeandikwa shughuli iliyokuleta nchini, kwa hiyo usichanganye mradi binafsi na kazi ya kulipwa ya upigaji picha bila kwanza kuuliza Uhamiaji na ofisi ya kazi. Omba nakala ya barua iliyogongwa muhuri na utembee nayo. Karatasi hiyo moja itajibu maswali mengi ya mlinzi au ya askari kuliko maelezo yako ya dakika kumi.

Kuna maeneo ambayo barua ya mtaa haiyafungui kabisa. Majengo ya Serikali pale Mtumba, Ikulu ya Chamwino, Bunge, kambi za vyombo vya ulinzi, na miundombinu kama stesheni na uwanja wa ndege huhitaji ruhusa ya wahusika wenyewe, na ikiwa huna, kamera ibaki ndani ya mkoba. Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania; kwa mradi wa aina hii sioni faida yake, kwa kuwa picha ya juu huwafanya watu kuwa vitone.

Kwa watu binafsi, salamu ndiyo kazi ya kwanza, na haifai kufupishwa. Shikamoo kwa aliyekuzidi umri, "poleni na kazi" kwa mafundi, mazungumzo kidogo ya mvua na ya bei, halafu ndipo uombe. Wenzangu wanaotoka Kenya tumezoea kwenda moja kwa moja kwenye haja, na hapa huonekana kama amri. Kwa wazee wa Kigogo, neno "mbukwenyi" likitoka kwa mgeni, hata kwa lafudhi mbovu, hupokelewa kwa furaha. Ziara ya kwanza nenda na kamera lakini usiitoe. Ya pili itoe baada ya kuomba. Na kwa mtoto, ridhaa iwe ya mzazi au mlezi aliyepo, wala isiwe ya jirani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imewafanya watu wengi kujua kwamba sura yao ina mwenyewe, kwa hiyo eleza bila kuzungukazunguka kama picha itaonyeshwa hadharani, na aliyekubali kupigwa picha tu usimhesabu kuwa amekubali kuonyeshwa.

Swali la "utanilipa kiasi gani?" litakuja, na kila mpigapicha ana jibu lake. Langu ni kwamba silipi kwa ajili ya picha, lakini mtu akiacha biashara yake kwa ajili yangu nalipa muda huo kwa bei tuliyokubaliana kabla, na kwa mama lishe nanunua chakula na kukila palepale. Kila aliyepigwa hupata picha yake iliyochapishwa. Ziko studio mjini zinazochapisha kwa bei nafuu, na picha ya karatasi iliyopelekwa kwa mkono hufungua milango ambayo picha ya simu haifungui, kwa sababu huwekwa ukutani na wageni wengine wa nyumba ile huiona.

Jua na vumbi

Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta na zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo mwanga wa mchana ni mkali na vivuli ni vyeusi. Kwa kuwa jiji liko magharibi sana ndani ya saa za Afrika Mashariki, jua hufika juu kabisa karibu na saa sita na nusu mchana na wala si saa sita kamili. Mapema Machi na mapema Oktoba hupita karibu sawa na utosi, na nyakati hizo kofia na paa za turubai huficha nyuso kabisa. Mwezi Juni jua hulalia kaskazini, kwa hiyo ukuta unaotazama kusini hukaa kivulini siku nzima. Desemba hali hugeuka. Anayepanga kurudi mahali pamoja mwaka mzima ni lazima alijue hili, kwa sababu saa ileile ya asubuhi haitampa kivuli kilekile. Wapigapicha wengi hukimbilia saa moja ya mwanzo na saa moja ya mwisho ya mchana, jambo linaloeleweka, lakini kazi za watu hufanyika katikati. Jifunze kutumia kivuli cha turubai au cha mwembe kama chumba cha studio, ukimweka mtu ukingoni mwake ambapo mwanga wa ardhi nyekundu unamrudia usoni.

Mvua hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili, na miezi mingine ni kiangazi chenye upepo na vumbi jembamba linaloingia popote. Usibadilishe lenzi nje. Hii ni sababu nyingine ya kutumia moja. Kamera ikae ndani ya mfuko wa nailoni ndani ya mkoba, na jioni tumia kipuliza hewa cha mpira kabla ya brashi au kitambaa, kwa kuwa chembe za mchanga zikisuguliwa huchana kioo.

Kusimama pale ulipokuwa umesimama

Ufundi wa kurudia picha kutoka mahali pamoja ndio unaowashinda wengi, na Dodoma ina msaada ambao miji ya tambarare haina: vilima na majabali yanayoonekana karibu kila upande. Majengo ya karibu yatabomolewa, miti itakatwa, lakini kilele cha kilima hakitahama. Unapochagua kituo chako, hakikisha fremu ina angalau sehemu moja ya mstari wa vilima kwa nyuma, na kitu kimoja cha karibu kinachoelekea kudumu, kama mbuyu au kona ya msikiti au kanisa. Piga picha, kisha andika tarehe, saa, lenzi, kimo cha kamera kutoka ardhini na alama ya mahali kwenye ramani ya simu. Ramani ya simu hukosea kwa mita kadhaa, kwa hiyo haitoshi peke yake.

Ukirudi, fungua picha ya mwanzo kwenye simu na ulinganishe uhusiano wa kitu cha karibu na kilele cha mbali. Ikiwa mbuyu umesogea kulia zaidi kuliko ulivyokuwa ukilinganishwa na kilele, umesimama kushoto mno, hivyo jongea kulia. Ukiona mbuyu umekuwa mkubwa kuliko zamani ilhali kilele ni kilekile, umekaribia mno, hivyo rudi nyuma. Kimo hurekebishwa vivyo hivyo: ikiwa kilele kimeshuka nyuma ya paa la jirani, kamera yako iko chini mno. Ukizoea, kazi hii huchukua dakika chache. Njia hiyohiyo hutumika kwa picha za zamani zilizopigwa na wengine, na hizo zipo: Idara ya Habari, MAELEZO, ina hazina ya picha za Serikali za miaka mingi, na albamu za familia za wazee wa mjini zina picha za mitaa ambazo hakuna ofisi inazo. Mzee akikuonyesha albamu, omba kuipiga picha palepale mezani, karibu na dirisha, na usiiondoe nyumbani kwake.

Eugène Atget alipiga picha za Paris ya zamani kwa takriban miaka thelathini, akijitambulisha kwa wateja wake kama mtengenezaji wa nyaraka. Berenice Abbott, Mmarekani aliyekuwa akiishi huko, aliokoa sehemu kubwa ya kazi yake baada ya kifo chake mwaka 1927, kisha akarudi New York mwaka 1929 na kuikuta imebadilika kiasi kwamba akaamua kuipiga kwa utaratibu uleule. Nawataja kwa sababu ya jambo la kazi tu: wote wawili waliandika mahali picha zilipopigwa, na bila maandishi hayo picha nyingi zao zisingejulikana ni za wapi.

Kwa hiyo andika maelezo ya picha usiku uleule. Taja mahali kwa jina wanalolitumia wakazi, hata kama ramani ina jingine, na taja kazi ya mtu jinsi anavyoitaja mwenyewe. Majina ya mafaili yaanze na mwaka, mwezi na siku ili yajipange yenyewe. Weka nakala tatu, mbili katika vifaa tofauti na moja nje ya nyumba unayoishi, maana umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo unaweza kuondoka na diski yako.

Mkataba wako unapokaribia kwisha, tenga wiki mbili za mwisho kwa ajili ya kuacha kazi nyuma. Peleka picha zilizobaki kwa wenyewe. Ofisi ya mtaa iliyokugongea barua ipewe seti ndogo iliyochapishwa, yenye maelezo ya Kiswahili. Orodha ya vituo vyako, ikiwa na kimo cha kamera, lenzi, alama ya mahali na picha moja ya mfano kwa kila kituo, mkabidhi mpigapicha kijana anayeishi hapa na mtembelee pamoja vituo viwili au vitatu ili aone jinsi ya kulinganisha mbuyu na kilele. Kubalianeni kwa maandishi kwamba picha atakazopiga ni zake, na kwamba kila mmoja anaweza kuonyesha za mwenzake akitaja jina lake na tarehe.